Shangazi Ataka Neno Lifutwe

Aliyeamka kunipigia pasi shati la mahakamani ni yule yule ninayemshitaki.

"Leta hilo shati," Shangazi alisema akiwa mlangoni kwangu, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. "Huwezi kwenda kuninyang'anya nyumba umekunjamana hivyo. Watu watasema sikukulea."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mdai wangu. Na viatu vipige brashi."

Ndiyo maisha yangu hayo. Mdai na mdaiwa, paa moja, jiko moja, birika moja la chai. Kesi ikiahirishwa tunarudi pamoja na kugombania nani aoshe vyombo.

Kama leo ndiyo unanisoma kwa mara ya kwanza, karibu, sogeza kiti, nikupashe haraka haraka. Mimi ni fundi wa makochi. Naishi chumba cha nyuma cha nyumba aliyoijenga baba. Shangazi, dada yake baba, mkunga mstaafu, anaishi vyumba vya mbele. Baba alikwenda hospitali kupasuliwa nikiwa mdogo sana, hakurudi. Mama naye ametutoka juzi juzi tu.

Baada ya msiba nikataka kujenga banda la karakana uani. Nikaenda ofisi ya ardhi kuomba kibali. Ndipo nikaambiwa nyumba si yangu wala si ya baba. Hati ina jina la Shangazi.

Nikamuuliza. Akasema, "Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Nikikuambia utanichukia."

Sasa mtu akikujibu hivyo utafanya nini? Nikatafuta wakili. Wakili wangu ni binti mfupi, mwembamba, anaongea kama cherehani. Mimi humwita Wakili Mdogo. Akaniandikia hati ya madai: kwamba mdaiwa alijipatia hati ya nyumba kwa udanganyifu.

Udanganyifu. Kwa lugha ya nyumbani, mwizi.

Shangazi naye akamweka Wakili Mkubwa, mzee wa kitambi na sauti ya kipaza. Huyo akajibu kwa maandishi kwamba nyumba ni ya mteja wake, jina ni lake, na hata kama kulikuwa na udanganyifu wowote, kijana amechelewa. Muda wa kushitaki ulishapita.

Mara ya mwisho niliwaacha ninyi wasomaji Shangazi akiwa kizimbani, Wakili Mdogo akimbana kwa maswali. Mnakumbuka alivyomwuliza, "Si kweli kwamba ulimwibia mtoto yatima?" Shangazi alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia kwake na viatu vya matope.

"Nimeiba nini mimi?" akafoka. "Ndugu yangu aliniachia nimshikie! Angetaka niile si angeniambia nile?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe.

Wakili Mkubwa hakucheka. Alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ya mgeni ikivunjika jikoni.

Wakili Mdogo naye akabaki kalamu hewani. Kesi ilipoahirishwa, alinivuta koridoni karibu aning'oe mkono.

"Umemsikia? Amesema aliachiwa ashike! Huo siyo wizi, hiyo ni amana. Baba yako alimkabidhi nyumba akutunzie!"

"Kwa hiyo tumeshinda!"

"Tumeshindwa!"

"Ee?"

"Kwa jinsi tulivyoandika, tumeshindwa. Jaji hutoa hukumu juu ya kile kilichoandikwa kwenye madai. Sisi tumeandika udanganyifu. Ushahidi unasema amana. Itabidi tuombe ruhusa ya kurekebisha hati ya madai."

"Na jaji akikataa?"

"Basi anza kutafuta pa kuhamishia makochi yako."

Sasa tuendelee na leo.

Tulifika mahakamani, Shangazi mbele, mimi nyuma nimembebea mkoba. Kila mlango alisimamishwa. Karani alitaka kujua kuhusu mtoto anayeota meno. Askari wa getini alimwonyesha picha ya mjukuu. Nusu ya wafanyakazi wa jengo lile wamezaliwa mikononi mwake.

"Mkunga, leo una kesi gani?" askari akauliza.

"Huyu hapa anasema mimi mwizi," Shangazi akasema akinionyesha kwa kidole. "Nipe mkoba wangu, Msumari."

Msumari ndimi. Aliniita hivyo utotoni kwa wembamba na ubishi. Wembamba umeniacha.

Jaji aliingia. Mama mmoja mtulivu, miwani imening'inia kwenye mkufu, sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili umsikie. Wakili Mdogo akasimama.

"Mheshimiwa, tunaomba ruhusa ya kurekebisha hati ya madai. Tunataka kuingiza dai kwamba mdaiwa ameishikilia nyumba hii kama amana aliyokabidhiwa na marehemu."

"Napinga!" Wakili Mkubwa alishasimama zamani. "Mheshimiwa, hii ni kesi mpya kabisa! Walikuja na udanganyifu, tumejitetea kwa udanganyifu, mashahidi wameshaanza kusikilizwa, leo wanatuambia tusahau yote hayo? Mtu anakushitaki umemwibia ng'ombe, ukishajitetea anasema alikusudia mbuzi!"

Watu wakacheka. Shangazi akacheka kuliko wote, akajiziba mdomo.

"Na kuna hili," akaendelea, sasa kwa sauti ya hatari. "Ngao yetu kubwa ni muda. Dai la udanganyifu lina ukomo, na huyu kijana ameuvuka. Lakini anayedai mali iliyo kwenye amana, sheria haimfungii mlango kwa urahisi namna hiyo. Ukimruhusu abadilishe, Mheshimiwa, unatuvua ngao katikati ya vita."

Hoja ilikuwa nzuri. Hata mimi ilinishawishi, na mimi ndiye mdai!

Jaji akamgeukia Wakili Mdogo. "Kwa nini sasa? Kwa nini hamkuleta ombi hili kabla ya kusikiliza mashahidi?"

"Kwa sababu hatukujua, Mheshimiwa. Mteja wangu alikuwa mtoto mdogo. Aliyejua habari ya amana ni mdaiwa peke yake, na ameitamka hapa hapa, kwa kinywa chake. Hatujazua kitu. Nyumba ni ile ile, hati ni ile ile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni jibu la swali kwamba jina la mdaiwa lilifikaje kwenye hati."

Jaji akaandika. Akaandika tena. Mimi nikawa nafuata kalamu yake kama paka anavyofuata uzi.

"Nianze hivi," akasema mwishowe. "Marekebisho yanaweza kuombwa wakati wowote kabla ya hukumu. Mahakama haipo kumwadhibu mtu kwa kuandika vibaya. Ipo kuamua ugomvi halisi ulio kati ya watu. Kama marekebisho yanasaidia kuufikia ugomvi huo, kwa kawaida huruhusiwa, na aliyesumbuliwa hufidiwa gharama zake."

Wakili Mdogo akanifinya paja kwa furaha. Nikaruka kidogo.

"Lakini," jaji akasema.

Mkono ukaniondoka pajani.

"Lakini siruhusu kama ombi limeletwa kwa hila. Siruhusu kama linaleta kesi nyingine kabisa. Na siruhusu kama upande wa pili utaumia jeraha ambalo hakuna fidia itakayoliponya. Wakili anasema atavuliwa ngao. Hilo ni zito. Nataka kulisikia vizuri."

Wakili Mkubwa akavuta pumzi, akajaza kifua, akafungua mdomo.

"Mheshimiwa," akasema Shangazi, "mimi nakubaliana na kijana."

Mdomo wa Wakili Mkubwa ukabaki wazi bila sauti.

"Mama, kaa chini," akanong'ona alipoweza.

"Nimekaa vya kutosha."

"Mama, mimi ndiye ninayekusemea!"

"Basi sema kwamba nakubali."

Ukumbi ukachangamka. Karani akaacha kupiga mihuri. Jaji akavaa miwani ili amwone vizuri mdaiwa anayemsaidia mdai.

"Mama, unaelewa ombi hili linaweza kukupotezea kesi?"

"Naelewa. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, najua kitu kinachotaka kutoka kikizuiwa kinaleta balaa." Akanitazama. "Ila nina swali. Akirekebisha, lile neno linafutwa?"

"Neno lipi?"

"Udanganyifu."

Jaji akamwangalia Wakili Mdogo. Wakili wangu akakohoa. "Mheshimiwa, tulikusudia kuacha madai yote mawili. Kwanza udanganyifu. Na kama mahakama haitauona udanganyifu, basi, kwa mbadala, amana."

Shangazi akaweka mikono kiunoni.

"Yaani mimi ni mwizi. Na nisipokuwa mwizi, basi ni mtu mwema aliyewatunzia mali?"

"Kisheria inaruhusiwa, Mama," Wakili Mdogo akasema kwa unyonge.

"Kisheria! Na mimi huyu mtu namtengea chai!"

Jamani, nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamwona Shangazi vizuri. Alikuwa amesimama wima, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Mwanamke huyu alinibeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Na karatasi yenye neno lile ilikuwa imezunguka mezani kwa makarani aliowapokea duniani. Kila mmoja wao amelisoma.

Nikamvuta wakili wangu joho. "Lifute."

"Usiwe mwepesi. Ukilifuta leo, kulirudisha ni shughuli. Amana isipothibitika, hutabaki na kitu."

"Lifute, nakuambia."

"Wewe ni mteja au mwendawazimu?"

"Vyote viwili. Lifute!"

Akashusha pumzi, akageuka. "Mheshimiwa, mteja wangu ameelekeza kwamba katika hati mpya aya zote za udanganyifu zitaondolewa. Tutabaki na amana peke yake."

Shangazi akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo kilichofika mpaka getini. Wakili Mkubwa akakaa chini, akaanza kufunga mafaili yake kwa huzuni kubwa.

Sikilizeni, nilipaa! Nilikuwa na nyumba yangu, nilikuwa na shangazi yangu, kichwani nilishaanza kupima banda la karakana, mlango upande huu, meza ya kukatia vitambaa upande ule. Nilimpungia Shangazi mkono kama mtu aliyeko kwenye meli. Naye akanipungia. Jaji akatuambia tuache kupungiana mikono mahakamani.

"Basi," jaji akasema, "ikiwa upande wa mdaiwa haupingi..."

"Haupingi," Shangazi akasema. "Ila waandike sawasawa safari hii. Wasiandike kwamba namshikia mtoto wa marehemu. Waandike watoto."

Kalamu ya jaji ikasimama.

"Watoto?"

"Wawili, Mheshimiwa. Ndugu yangu aliniambia, 'Washikie wanangu wote wawili mpaka watakapoweza kukaa chumba kimoja bila kuumizana.' Wa kwanza alizaliwa kabla hajamwoa mama yake huyu. Nilimpokea mimi kwa mikono yangu."

Mimi ni mtoto wa pekee. Nimeishi hivyo. Nimejaza fomu za shule hivyo. Mama alikuwa akiniita "wangu wa pekee" mbele za wageni.

"Shangazi," nikasema kwa sauti, nikisahau niko wapi. "Shangazi, unasema nini?"

"Nilikuambia utanichukia," akasema.

Wakili Mkubwa alikuwa ameacha kufunga mafaili. Rangi ilikuwa imemrudi usoni.

"Kimya," jaji akasema. "Mama, kwa nini hukusema haya mapema?"

"Mama yake kijana alikuwa hai, Mheshimiwa. Hakujua. Ndugu yangu aliniapisha nisimvunje moyo. Mama yake alipofariki, nikajipanga kumwambia huyu kijana taratibu, kwa chai. Kabla chai haijachemka, nikaletewa karatasi kwamba mimi mdanganyifu. Nikanuna. Ndiyo, nilinuna! Nikasema sisemi neno mpaka alifute lake."

Jaji akavua miwani.

"Mdai, simama."

Nikasimama.

"Ombi la kurekebisha bado ni lako, sijaliamua. Lakini siwezi kuamua nusu ya amana. Kama amana hii ipo, na ni ya watu wawili, mwenzako lazima aingizwe kwenye kesi, na hati mpya imtaje. Ukiliondoa ombi, hati yako ya zamani inabaki kama ilivyo: udanganyifu, na nyumba yote unaidai wewe. Umenielewa?"

Nilielewa. Kuidai nyumba yote kwa dai lililochelewa, na Shangazi mwizi. Au nusu ya nyumba, na mtu nisiyemjua chumba cha katikati.

"Huyo mtoto mwingine yuko wapi?" jaji akamuuliza Shangazi.

"Yuko nje kwenye benchi. Nilimwambia aje leo, endapo kijana atakuwa na akili."

"Mahakama inapumzika kidogo," jaji akasema. "Tukirudi nataka jibu."

Wakili Mdogo alinidaka mlangoni. "Usiende huko. Usizungumze naye. Kaa hapa tufikirie."

Nikaenda.

Kwenye benchi la koridoni alikuwa amekaa mwanamke mmoja mpana wa mabega, amevaa fulana ya kung'aa ya mafundi wa barabara, buti zina vumbi jekundu. Kofia ngumu ilikuwa mapajani. Aliponiona akanikagua kuanzia juu mpaka chini, akatabasamu, akasogea kunipisha.

"Kaa. Naendesha greda, nimetoka kazini moja kwa moja, usinishangae. Shangazi kaniambia una mdomo."

Nikakaa.

"Una masikio yake," akasema.

"Ya nani?"

"Ya baba. Nani mwingine? Hayo masikio hayapatikani dukani."

Nikayashika. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina kitu cha baba. Mama hakupenda kumzungumzia. Alikuwa akianza kulia. Mimi mwenyewe sina ninachokumbuka zaidi ya mkanda wa suruali na harufu ya sabuni.

"Wewe unamkumbuka?" nikauliza.

"Nilikuwa nimeshaanza shule alipoondoka. Alikuwa anakuja kutuona mwisho wa mwezi. Akioga alikuwa anaimba. Mungu wangu, kwa sauti mbaya! Majirani walikuwa wanagonga ukuta. Na kwenu aliimba?"

"Sijui," nikasema. "Sijui."

Halafu akagonga kofia yake kwa kidole.

"Nisikudanganye, mdogo wangu. Nusu yangu naitaka. Nimepanga maisha yangu yote, nimechoka kuulizwa na mwenye nyumba kwa nini mlango unalia. Kama utanipinga, nipinge, nitakuja na wakili wangu. Lakini sitajifanya sitaki."

Sijui ni nini kilichonipata. Nilianza kucheka. Naye akaanza. Tulicheka benchi likawa linagonga ukuta, askari akatoka kuangalia kuna nini, na Wakili Mdogo akasimama mbali kidogo ameshika kichwa.

"Alikuwa anaimba nini?" nikamuuliza nikipangusa macho.

Akafungua mdomo anijibu. Karani akatokeza mlangoni.

"Pande zote, ingieni! Jaji amekaa!"

Tukaingia. Dada, sijui kama niliruhusiwa kumwita hivyo, akakaa safu ya nyuma na fulana yake inayong'aa, ukumbi ukawa kama una taa ya ziada. Shangazi aligeuka mara moja tu kutuangalia, akageuka mbele upesi.

"Mdai," jaji akasema. "Unaendelea na ombi lako la kurekebisha, au unaliondoa?"

Wakili Mdogo akaninong'oneza, "Sema unaomba muda. Sema hivyo tu. Muda."

Wakili Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kalamu tayari. Shangazi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, kabla sijajibu, naomba kumuuliza yule dada pale nyuma swali moja."

"Linahusu ombi?"

"Linahusu, Mheshimiwa. Kwangu mimi linahusu."

Jaji alinitazama. Akamtazama mwanamke wa safu ya nyuma. "Moja tu."

Nikageuka. "Baba alikuwa anaimba wimbo gani?"

Akainuka. Ukumbi ukageuka wote. Akaweka kofia ngumu kwenye benchi, akashika kiti kilichokuwa mbele yake, akavuta pumzi ndefu mpaka fulana ikakaza mabegani.

"Napinga!" akasema Wakili Mkubwa.